Jua Ndani ya Kifua cha Mama

Alhamisi, tarehe mosi Septemba 2016, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, mwezi uliligusa jua juu ya shule yetu. Saa hiyo ninayo kamili kwa sababu mwalimu wa Fizikia aliitangaza kwa sauti kubwa, "Limeumwa! Limeumwa kwa juu!", nami nikaandika kiganjani kwa kalamu, kisha jioni nikahamishia kwenye kaunta buku langu. Wakati anapiga kelele mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya wenzangu wote, nimekumbatia mfuko wa madaftari. Ndani ya mfuko, katikati ya daftari la Kiswahili na la Biolojia, mlikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na kifua cha mama yangu.

Nieleze vizuri. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kata, huku kwetu Newala. Jumatano mwalimu alituambia kwamba kesho yake jua litapatwa. Akachora ubaoni: jua, mwezi, dunia, na kivuli kinachopita kama mtu anayekatiza uwanja. Akasema huko magharibi, upande wa Mbeya, watu wataona pete kamili ya moto, lakini sisi tumekaa pembeni kidogo ya njia ya kivuli. "Sisi tutapata bangili yenye mwanya," akasema. "Msiidharau. Wengine watapewa jua lililomegwa tu kama andazi." Halafu akaomba mwenye picha ya eksirei nyumbani ailete, ya mtu yeyote, ya kiungo chochote, tutazamie. (Baadaye nilikuja kusoma kwamba picha zile hazitoshi kulinda macho. Siku ile hatukujua, hata yeye hakujua.)

Mimi ni mtu wa haya. Siyo haya ya kupendeza, ile ya maharusi. Haya yangu ni ya kuitwa jina darasani ukasimama ukaitazama sakafu mpaka mwalimu akachoka akamwita mwingine. Tangu kidato cha kwanza sikuwahi kunyoosha kidole. Sasa mwalimu anaomba picha ya eksirei, na mimi najua kwamba chini ya godoro la mama ipo moja, kubwa, nyeusi, inayong'aa. Nilitaka, kwa siku moja tu, niwe mtu mwenye kitu.

Picha ile ilikuwa siri. Mama alianza kukohoa mwaka uliopita, msimu wa kupulizia mikorosho ile dawa ya unga, salfa, mjomba akiwa na mashine mgongoni na sisi nyuma yake tukirudi nyumbani wa njano, kope za njano, mate ya njano. Kwetu mtu akikohoa hakuna anayeuliza mara mbili. Ni salfa. Msimu ukaisha, kikohozi hakikuisha, watu wakasema salfa ya mwaka jana haijatoka. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili, akaanza kutuletea kikombe cha maziwa kila jioni, maana salfa dawa yake ni maziwa. Mwezi wa pili mama akateremka kimyakimya mpaka hospitali Masasi, akarudi na bahasha ile na vidonge vya miezi sita. Ilikuwa TB. Tukajua watatu: mama, mjomba, na mimi.

"Waache waseme salfa," mama aliniambia. "Salfa haina aibu."

Na maziwa yakaendelea kuja. Kila jioni mama akikipokea kile kikombe cha bati alikuwa anainamisha macho, nami nilijua kwa nini.

Vidonge vilimalizika mwisho wa Agosti. Ijumaa, yaani kesho yake ya jua kupatwa, alitakiwa Masasi kupigwa picha mpya. Daktari alimsisitizia aje na ile ya zamani azipange pamoja. "Bila ya zamani tutajuaje tumetoka wapi?" ndivyo alivyomwambia, na mama akawa anairudia kauli hiyo kama dua. Kwa hiyo nilipoichukua alfajiri ya Alhamisi nilijua kabisa ninachochukua. Nilijiambia mama yuko shamba mpaka saa kumi, mimi natoka shule saa tisa, itarudi chini ya godoro kabla hajavua kandambili. Na kwa kuwa nilikuwa nimeiba, sikumwambia mama neno lolote kuhusu jua. Niliogopa ataniuliza, "Na mtalitazamia nini?"

Tulikuwa chini ya mikorosho nyuma ya madarasa. Mwalimu alileta picha ya mguu wake mwenyewe aliovunjika kwa pikipiki, akaikata kwa mkasi juu ya goti. "Mguu huu umeshapona, hauna kazi tena na picha," akasema. Vipande havikutosha. Watu wakaanza kusukumana, kila mtu anataka kisigino cha mwalimu.

"Nani mwingine kaleta?"

Nilikuwa nimeileta picha yote hiyo, halafu nikanyamaza. Aliyesema ni mwenzangu wa dawati, msichana mwenye mdomo wa kuazimisha watu watatu na ukabaki.

"Mwalimu, huyu! Toka asubuhi amekumbatia mfuko kama ana yai. Hebu toa, mwanakwetu, usitufanyie choyo cha jua."

Akaivuta bahasha, akaitoa picha, akaiinua juu. Nakumbuka mbavu za mama zikiwa zimesimama angani, nyeupe, juu ya vichwa vyetu, na majani ya mkorosho yakipita nyuma yake.

"Heee! Kifua cha nani hiki?"

Pembeni palikuwa na jina. Mvulana mmoja wa mbele akalisoma, majina yote matatu, kwa sauti ya kuitia mahudhurio. Hakuna aliyelitambua. Mimi nimeandikishwa kwa jina la baba, na mama huku mtaani hana jina lake, anaitwa kwa jina langu, Mama Fulani, basi. Wote wakanigeukia. Macho arobaini na kitu.

"Umeitoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Nimeokota."

"Wapi?"

"Njiani, mwalimu."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilitoka jepesi kama mate.

"Mwenyewe atakuwa alishakufa huyo," akasema yule mvulana, akagusa kwa kidole sehemu nyeupe iliyo chini ya mfupa wa bega, kama wingu dogo. Vidole vyake vilikuwa vya njano, alikuwa ametoka kupulizia na baba yake alfajiri ile. "Oneni hapa. Hapa hatoki mtu."

"Marehemu tumwombee," akadakia mwenzangu wa dawati, akakunja mikono na kufumba macho, na wote wakacheka.

Na mimi nikacheka. Nimejiahidi kuandika ukweli, kwa hiyo naandika: nilicheka.

"Basi kama haina mwenyewe, ikatwe," mwalimu akasema. "Vipande vinane, kila kikundi kimoja. Haraka, jua halitusubiri."

Mkasi ulikuwa upande wa pili, ukaanza kupita mkono kwa mkono kuja kwetu. Na hapo ndipo dunia ilipoanza kubadilika, au mimi ndipo nilipoona. Mwanga haukuwa unapungua kama jioni. Jioni huwa nyekundu, ina joto, ina moshi wa kuni. Huu ulikuwa unapauka, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na kila kitu kikawa mbali kidogo na mahali pake. Vivuli vyetu vilikuwa vimechongoka. Niliona kivuli cha unywele mmoja mmoja kwenye kichwa cha aliyekuwa mbele yangu. Upepo wa huku juu, ambao haukomi, ukakoma. Kibaridi kikapita kwenye magoti. Ilikuwa kama kuota huku umesimama, unapojua unaota na hutaki kujigusa usije ukaamka. Kutoka msikitini wakaanza kuita watu kwenye swala ya kupatwa kwa jua, siyo adhana tuliyoizoea, wito mwingine mfupi, na sauti ya mwitaji ilikuja ikielea kama mtu anayeita kutoka chini ya maji.

Mkasi ukamfikia mwenzangu wa dawati. Akauliza, "Naanzia wapi?"

"Anzia begani," mtu akasema.

Akafungua mkasi. Ncha zake zikaingia ukingoni mwa picha, pale penye bega la mama la kushoto, bega analobebea jembe. Nikafikiria daktari ameshika nusu ya picha. Nikafikiria, tutajuaje tumetoka wapi.

"Msikate."

Hakuna aliyesikia. Hata mimi sikusikia vizuri.

"Msikate! Ni mama!"

Mkasi ukasimama.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Hicho ni kifua cha mama yangu. Sikukiokota."

Jogoo mmoja kijijini akawika, mwingine akamjibu, saa sita mchana.

"Si yuko hai mama yako?" akauliza mwenzangu kwa sauti ndogo. "Juzi si nimemwona kisimani?"

"Yuko shamba."

"Sasa… anaumwa nini?"

Ningeweza kusema salfa. Neno lilikuwa hapo, tayari, la njano. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja na nimeona uongo ulipotufikisha.

"TB. Amemaliza dawa juzi. Kesho anarudi hospitali na picha hiyo."

Yule mvulana aliyekuwa ameshika upande wa chini akaiachia kama imemuunguza. Picha ikaenda upande, ikalala juu ya majani makavu. Wasichana wawili wakarudi nyuma hatua mbili. Nilitaka ardhi ifunguke. Mwalimu akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akaipangusa kwa mkono wa shati lake.

"Picha haiambukizi," akasema. "Na mtu aliyemaliza dawa haambukizi. Hiyo ni Biolojia, lakini leo nawafundisha bure." Akachukua kipande kikubwa cha mguu wake, akakilaza juu ya picha ya mama ili giza liwe mara mbili. "Haikatwi. Tutapita mmoja mmoja. Hesabu tatu, unashusha macho. Aliyeileta anaanza."

Nikaingia chini ya mikono yake. Mguu wa mwalimu ulikuwa umesimama ndani ya kifua cha mama, na nyuma yake, katikati ya mbavu, lilikuwapo jua.

Moja. Lilikuwa jembamba, jekundu kama kaa la moto, limejikunja karibu mduara mzima, bangili kweli, na mwanya wake mdogo upande mmoja, kama ile bangili ya shaba ya mabibi unayoifinya mkononi.

Mbili. Nikasogea kidogo, na bangili ikasogea nami, ikapita ubavu mmoja, ikapita mwingine, ikakaa pale chini ya mfupa wa bega, juu ya lile wingu jeupe. Ikawaka pale.

Tatu. Nikashusha macho.

Na chini, ee, chini ndiko kulikokuwa na maajabu. Ardhi yote chini ya mikorosho ilikuwa imejaa bangili. Kila tundu la mwanga kati ya majani lilikuwa limeangusha jua lake dogo lenye mwanya, mamia kwa mamia, juu ya mchanga, juu ya mizizi, juu ya viatu vyetu, zikitikisika kidogo jani likitikisika. Nilinyoosha kiganja, zikaingia tatu. Nikakunja ngumi, zikawa juu ya ngumi. Kelele zote zilikuwa zimeisha. Darasa zima tulikuwa tunatembea polepole, tukinyanyua miguu juu, tusizikanyage. Hata wale wasichana wawili. Sijui ilichukua dakika ngapi. Kaunta buku langu linasema "kama nne", lakini pembeni nimeandika "au siku nzima".

"Usigeuke," mwenzangu wa dawati alisema nyuma yangu. "Mgongo wako umejaa. Shati lote." Akaanza kuzihesabu kwa kidole bila kunigusa, kisha akagusa. "Lile la marehemu… nisamehe, jamani. Huu mdomo nitaupeleka wapi?"

"Na mimi nilicheka," nikamwambia.

"Ulicheka?" Akafikiri. "Basi tuna kesi wote wawili."

Mwanga ukarudi kutoka upande mwingine, ghafla kuliko ulivyoondoka. Bangili zikawa miundu, miundu ikanenepa. Kufikia saa nane kasoro jua lilikuwa jua, na sisi wanafunzi wa kidato cha tatu wenye njaa. Msichana mmoja aliomba kuhama dawati lililo karibu na langu wiki ileile. Sikumlaumu sana.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, lakini mama alikuwa amenitangulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, jembe halijasuguliwa, mikono mitupu. Mama hakai mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo hapa. Shuleni mliona?"

"Tuliona."

"Ulijua litapatwa?"

Nikatazama chini.

"Redio haina betri tangu Jumapili," mama akasema. "Mimi niko peke yangu shamba, napalilia. Naona kunafifia. Nikajua ni macho yangu. Nikajua ndiyo basi, dawa zimeshindwa, roho inatoka taratibu kama walivyosema wazee. Nikakaa chini. Nikawaza, mtoto atarudi shule hatanikuta." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Halafu nikaona chini ya mkorosho vimwezi vimejaa kwenye vumbi la salfa. Vizuri, mwanangu! Nikasema, aa, kumbe siyo mimi. Ni dunia. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Sasa niambie, kwa nini hukuniambia?"

Nikaitoa bahasha. Nikamwambia yote, tangu godoro mpaka mkasi, na neno "nimeokota", na kicheko changu. Nilipolia aliniacha nilie. Aliitoa picha, akaielekezea mlangoni penye mwanga, akaikagua ukingo wake mmoja mmoja. Begani palikuwa na mkwaruzo wa mkasi, mfupi kama ukucha. Na chini, wazi kabisa, alama ya njano ya kidole gumba.

"Kidole cha nani hiki?"

Nikamtaja. Mama akaguna. "Kwao hawanawi." Akalowesha pembe ya kanga, akapangusa, ikatoka nusu. "Daktari atadhani nimemletea maradhi mapya." Nikajua sitapigwa.

Halafu akailaza picha mapajani.

"Darasa zima limejua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi bibi wa maziwa atajua kabla ya Jumapili. Atajua kwa watu." Akakitazama kikombe cha bati cha jana, kilichofunikwa juu ya meza. "Miezi sita nakunywa maziwa ya salfa. Sikutaka asikie kwa watu. Lakini mimi siwezi kumwambia, mwanangu. Nikifika mlangoni kwake mdomo utafunga."

Hakuniomba. Nakumbuka vizuri kwamba hakuniomba.

Ijumaa niliamka kabla ya wote. Nilikiosha kikombe mara mbili, nikavaa sare, nikavuka uwanja. Bibi alikuwa anakamua; nilisikia maziwa yakipiga ndoo kabla sijamwona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mapema hivi? Mama yako mzima?"

Nikakitazama kikombe, kwa kuwa sakafu haikuwapo.

"Bibi, haikuwa salfa. Ilikuwa TB. Amemaliza dawa, anaenda Masasi leo kupigwa picha, na ile ya zamani anayokwenda nayo jana nusura niiharibu shuleni. Mama anashukuru sana kwa maziwa. Alishindwa kusema."

Mikono yake ilisimama kwenye chuchu za ng'ombe. Ng'ombe akageuka kumtazama. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikapita tatu, nikafika kumi na kitu.

"Miezi yote hiyo," akasema mwishowe, "mimi nasema, mbona salfa hii inakula nyama ya mtu?" Akanyoosha mkono, nikampa kikombe. Akakigeuza, akatazama ndani, sikujua anatafuta nini. Kisha akakijaza kutoka kwenye ndoo mpaka ukingoni. "Gari lake saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Anaenda na nani?"

"Peke yake. Mjomba yuko na mashine, mimi nina shule."

"Peke yake," akarudia, kama ninavyosikia watu wakirudia jambo la kijinga. Akasimama, magoti yakilia, akajifunga kanga ya pili. "Mpelekee anywe. Mwambie asipande gari mpaka nifike. Na hiyo picha nitaishika mimi, nyie mtaniharibia tena."

Nikarudi nyumbani kwa hatua za kuhesabu, nimeshika kikombe kwa mikono yote miwili, macho kwenye maziwa, nisimwage.